Mionzi na ini la Kanda ya Ziwa: swali tunaloliruka

Tangu tiba ya mionzi ianze kutolewa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wagonjwa wengi wa saratani wa Kanda ya Ziwa wameepukana na safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mwaka 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, na mgonjwa anayetoka Sengerema au Geita hapangi tena siku yake kwa kuangalia kivuko. Tiba imesogea, na maneno yamesogea nayo. Kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye mabenchi ya kliniki utasikia kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza ni ya zamani: mionzi inamaliza kinga, na ikigusa ini ndiyo basi. Ya pili ni ya juzijuzi, imetoka kwenye vipande vya habari za utafiti wa ng'ambo vinavyosambazwa bila mwanzo wala mwisho: mionzi ikipigwa kwenye ini huamsha kinga, mwili ukaanza kupambana na saratani wenyewe.

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinabishania swali ambalo halitamsaidia mgonjwa. Mionzi hufanya yote mawili, tena ndani ya ini hilohilo moja. Lipi litatawala hutegemea ukubwa wa dozi, sehemu ya ini iliyopigwa, na hali ambayo mionzi inazikuta seli za kinga humo ndani. Madaktari wa mionzi duniani kote huyahesabu mawili ya kwanza kwa makini sana. La tatu linatuhusu sisi watu wa ziwani kuliko wakazi wa miji ambako tafiti nyingi zimefanyika, kwa sababu maini yetu yanafika kliniki yakiwa yameshapigana vita vingine. Hilo ndilo tunaloliruka.

Wengi tunalijua ini kama kiungo cha kuchuja pombe na sumu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kazi yake. Takriban lita moja na nusu ya damu hupita kwenye ini kila dakika, karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, na robo tatu ya hiyo hutoka matumboni ikiwa imebeba chakula, mabaki ya bakteria na kila tulichomeza. Damu hiyo hupita kwenye vijia vyembamba ambamo zimejibanza seli kubwa zinazoitwa seli za Kupffer, kwa jina la Karl Wilhelm von Kupffer, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1876. Ni za jamii ya makrofaji, yaani seli zinazomeza uchafu na vijidudu, na hukadiriwa kuwa asilimia 80 hadi 90 ya makrofaji zote zilizoweka makazi katika viungo vya mwili. Zinafanya kazi kama wakaguzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba: kila kinachoingia kinapita mbele yao, kingi kinaruhusiwa, kichache kinazuiwa, na mkaguzi akigombana na kila mzigo soko zima litasimama. Pembeni yake kuna limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu zinazotambua na kupambana na maadui wa mwili, zikiwemo zile ziitwazo seli uaji asilia, ambazo peke yake ni kati ya asilimia 30 na 50 ya limfosaiti za ini. Kwa hiyo ini ni kituo cha kinga chenye tabia ya uvumilivu. Limezoea kuona vitu vigeni bila kupandisha hasira, na uvumilivu huo ndio unaolifanya liwe mahali pazuri pa kujificha kwa virusi, kwa minyoo na kwa saratani.

Mionzi ya tiba ikiingia humo haizitendei seli hizi sawa. Limfosaiti ni dhaifu mno mbele yake. Nyingi hufa kwa dozi ya grei moja au mbili tu (grei ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi), na nyingine hazisubiri hata kugawanyika. Zinakufa ndani ya saa chache. Seli za Kupffer ni sugu zaidi. Hazifi kwa wingi, ila zinaghadhibika. Humwaga kemikali za kuchochea uvimbe, hasa ile iitwayo TNF-alfa, na kemikali hizo huzifanya seli za kawaida za ini, zile za kazi, zife kwa urahisi zaidi zikikutana na mionzi. Katika majaribio ya panya, seli za Kupffer zilipozimwa kabla ya mionzi, madhara kwenye ini yalipungua. Maana yake sehemu ya madhara tunayoisingizia mionzi hutendwa na kinga yenyewe. Kuna kundi la tatu, seli za nyota, ambazo kwa kawaida hukaa kimya zikihifadhi vitamini A. Zikipokea ishara ya kemikali nyingine iitwayo TGF-beta, ambayo mionzi huiongeza, huacha kazi hiyo na kuanza kutengeneza kovu.

Haya yakitokea kwenye ini zima kwa wakati mmoja, mgonjwa huumwa. Wiki mbili hadi miezi minne hivi baada ya tiba tumbo hujaa maji, ini huvimba, vipimo hupanda. Madaktari wamelieleza tatizo hili tangu miaka ya 1960, na mwaka 1991 kundi la wataalamu wa Marekani liliweka kadirio ambalo bado linatajwa: ini lote likipokea takriban grei 30 kwa vipande vidogo vya kila siku, wagonjwa wapatao 5 kati ya 100 hupata madhara hayo. Ikipigwa sehemu tu, sehemu hiyo hustahimili dozi kubwa zaidi, kwa kuwa ini lililobaki hubeba kazi. Ndiyo maana siku hizi saratani ya ini huweza kutibiwa kwa miale iliyolengwa kwa usahihi, dozi kubwa kwa siku chache, bila kuligusa sana ini lililo zima.

Wanaosema mionzi inamaliza kinga hawajatunga. Kwa kuwa damu nyingi kiasi hicho hupita kwenye ini kila dakika, mionzi inayolenga ini hupiga pia limfosaiti zilizo safarini, hata zile ambazo hazikuwa na shughuli yoyote humo. Tiba ikigawanywa kwa wiki tano au sita na eneo likiwa kubwa, damu nyingi zaidi hupata sehemu yake ya dozi, na hesabu ya limfosaiti hushuka mwili mzima. Tafiti za wagonjwa wa saratani ya ini zimeonyesha tena na tena kwamba wale ambao limfosaiti zao hushuka sana huishi muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Hoja hii ina uzito, na ndiyo mojawapo ya sababu za madaktari kupendelea siku chache na eneo dogo pale vifaa vinaporuhusu.

Tatizo ni pale hoja hiyo inapotanuliwa hadi kupasuka. Mama mmoja jirani yetu Igoma, aliyepangiwa mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, aliniuliza, “Hivi mwanangu, hiyo ikishaingia chini si itapanda mpaka kwenye ini?” Haipandi. Miale inayoelekezwa kwenye nyonga hupita njia iliyochorwa, na kinachochepuka hadi kwenye ini ni kiasi kidogo sana. Wala mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini baada ya mashine kuzimwa. Wanaopata dozi ya ini isiyo ndogo ni wachache na wanajulikana: wenye saratani ya ini lenyewe, wenye uvimbe uliosambaa hadi kwenye ini, baadhi ya wanaotibiwa titi la kulia au sehemu ya chini ya umio. Ile kauli ya “mionzi ni mionzi tu”, inayochanganya picha ya eksirei, kipimo cha CT na tiba ya wiki kadhaa kana kwamba ni kitu kimoja, ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu. Kipimo kimoja cha CT cha tumbo ni takriban sehemu moja ya mia ya grei moja. Tiba ni makumi ya grei. Anayemtisha mama wa Igoma kwa kutumia madhara ya ini lililopigwa lote anamtisha kwa ugonjwa wa mtu mwingine, na yeye akiikimbia tiba kwa hofu hiyo ndiye atakayekufa kwa saratani ambayo mionzi ina uwezo mkubwa wa kuitibu. Wengine hukimbilia mizizi ya kuchemsha “kusafisha ini”, na baadhi ya mizizi hiyo ni sumu ya ini.

Upande wa pili nao una chake. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, R. H. Mole, aliandika juu ya jambo la ajabu: mionzi inapigwa uvimbe mmoja, na uvimbe mwingine ulio mbali nao unasinyaa. Kwa miaka mingi lilionekana kama bahati nasibu. Sasa tunaelewa sehemu ya utaratibu wake. Seli ya saratani iliyopasuliwa na mionzi huvujisha vipande vya DNA mahali pasipotakiwa ndani ya seli, na mwili huvisoma kama dalili ya uvamizi wa virusi. Kengele hupigwa, na limfosaiti huitwa. Kuhusu ini hasa, utafiti uliozua maneno mengi ulitoka Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2021. Watafiti hao walionyesha kwamba uvimbe uliosambaa hadi kwenye ini huvuta limfosaiti za kupambana na saratani kutoka mwilini, kisha makrofaji zilizo karibu na uvimbe huziua. Ndiyo sababu mojawapo ya dawa mpya za kuamsha kinga kushindwa kwa wagonjwa ambao saratani yao imefika kwenye ini. Walipopiga mionzi kwenye ini la panya, makrofaji hizo wasaliti zilipungua, limfosaiti zikasalimika, na dawa zikaanza kufanya kazi.

Utafiti ni mzuri, na sina ugomvi nao. Nina ugomvi na namna unavyosimuliwa. Kwanza, mionzi ilisaidia ikiwa pamoja na dawa za kuamsha kinga, ambazo bei yake mvuvi wa Kayenze haiwezi hata kwa kuuza mtumbwi na injini. Pili, walikuwa panya wa maabara, wenye maini safi. Hawakuwahi kuoga ziwani wala kula karanga zenye ukungu.

Na hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Kichocho cha tumbo, cha aina ya mansoni, kimeenea pwani zote za Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe na visiwa vya Sengerema hadi mialo ya Magu na Ilemela. Minyoo yake huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai mamia kwa siku. Baadhi hutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo. Kila yai lililonasa huzingirwa na seli za kinga, makrofaji kwa wingi, na baada ya miaka ya kuzingira kovu hujengwa kandokando ya mishipa inayoleta damu kutoka matumboni. Seli zilezile za nyota hushiriki kulitengeneza kovu hilo, na TGF-beta imo katika ishara zinazoziamsha. Kwa maneno mengine, njia ambayo mionzi huitumia kuleta kovu ilishachongwa na kichocho kabla mgonjwa hajaiona mashine. Kinachofanya jambo hili liwe gumu kulinasa ni kwamba kichocho, tofauti na kusinyaa kwa ini kunakotokana na pombe au virusi, huziacha seli za kazi zikiendelea vizuri kwa muda mrefu. Vipimo vya damu vya ini huweza kurudi vya kawaida kabisa, mgonjwa akaandikwa ana ini zima, huku mishipa yake imebanwa na wengu umevimba. Altrasaundi huliona kovu hilo. Damu pekee inaweza kudanganya.

Virusi vya homa ya ini B ndivyo mfano unaoonyesha wazi zaidi kwa nini ubishi wa “inaua kinga” na “inaamsha kinga” ni wa bure. Mtu aliyeambukizwa utotoni huweza kuishi miaka 40 bila kujua, kwa sababu limfosaiti zake zimevibana virusi bila kuvimaliza. Akipigwa mionzi kwenye ini, limfosaiti hupungua, na virusi huweza kupata nafasi ya kuzaliana. Watafiti wa Taiwan, nchi iliyokuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, walionyesha katika miaka ya 2000 kwamba seli zilizopigwa mionzi hutoa kemikali zinazovichochea virusi hata ndani ya seli za jirani ambazo hazikupigwa. Wiki zinapita, limfosaiti zinarudi, zinakuta ini limejaa virusi, na zinalishambulia. Mgonjwa anapata manjano, na wakati mwingine ini linashindwa kabisa. Mgonjwa huyu ameumizwa na kinga iliyoshuka au kinga iliyoamka? Ameumizwa na zote mbili, moja baada ya nyingine. Na kilichokuwa kinahitajika ni kipimo cha tone la damu kabla ya siku ya kwanza ya tiba, na dawa ya kuvizuia virusi kwa aliyekutwa navyo.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, nayo inafanya kazi bega kwa bega na virusi hivyo kuleta saratani ya ini. Kwa mjadala huu yatosha kusema kwamba atakayehitaji mionzi ya ini Mwanza, mara nyingi, atakuwa na zaidi ya jambo moja ndani ya ini hilo.

Kuna hoja ya kupinga ninayoiheshimu kuliko zile za WhatsApp. Inasema: haya ni mambo ya watu wenye mashine za kisasa na maabara za kinga. Hapa wagonjwa wa saratani ya ini hufika wamechelewa, uvimbe umejaa tumbo, na hakuna cha kupima wala kulenga. Tusihangaike na seli za Kupffer wakati mtu hawezi kulala kwa maumivu. Nakubali kwamba wengi hufika hivyo. Lakini hoja hiyo inaelekea upande wangu. Mwaka 2024 matokeo ya utafiti wa Kanada wa wagonjwa 66 wenye maumivu ya saratani ya ini au iliyosambaa hadi kwenye ini yalichapishwa: kati ya waliopewa dozi moja tu ya grei 8 kwenye ini na kutathminiwa mwezi mmoja baadaye, asilimia 67 walipata nafuu ya maumivu, dhidi ya asilimia 22 ya waliopewa matunzo ya kawaida peke yake. Dozi moja, siku moja, pamoja na vidonge vya kuzuia kutapika. Haihitaji mashine ya kulenga kwa milimita. Hata mashine ya kobalti, ile ya mionzi ya kizamani, inaweza. Kwa mtu wa kisiwani ambaye kulala mjini wiki sita ni gharama kuliko tiba yenyewe, sijaona habari ya mionzi yenye faida zaidi kwake kuliko hiyo, na ajabu ni kwamba hiyo haisambazwi. Sasa, tiba hiyo hupiga ini lote au sehemu kubwa yake. Grei 8 iko chini sana ya kiwango cha kuliharibu ini lenye afya, lakini kwa limfosaiti ni nyingi. Kadiri tiba rahisi inavyowafikia watu wengi, ndivyo swali la hali ya ini linavyokuwa la kila siku, kwa sababu wagonjwa wa aina hii ndio wenye virusi na makovu kuliko wote.

Mazoea ya kawaida yakibadilika kidogo, mengi yatawezekana bila fedha nyingi. Kipimo cha homa ya ini B ni cha haraka na cha bei nafuu ukilinganisha na gharama yoyote nyingine ya saratani; kingepaswa kuwa kwenye karatasi ileile ya kumpangia mgonjwa mionzi inayogusa ini, na siyo kuachwa kwa kumbukumbu ya daktari mwenye foleni ndefu. Altrasaundi ipo hadi kwenye hospitali za wilaya, swali “umekulia mwalo gani?” lingemfanya mpimaji aangalie kandokando ya mishipa badala ya kutafuta uvimbe tu. Na dawa? Hapa kuna jambo ambalo huwa linanifikirisha. Tenofovir, dawa inayovizuia virusi vya homa ya ini B, imo ndani ya kidonge kimoja cha kila siku wanachomeza watu wengi wanaoishi na VVU nchini, kidonge kilichoanza kusambazwa mwaka 2019. Mgonjwa wa saratani mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri anaingia kwenye chumba cha mionzi akiwa amekingwa dhidi ya virusi vya homa ya ini bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Mgonjwa aliye karibu naye kwenye benchi, ambaye majibu yake ya VVU ni salama na amepongezwa kwa hilo, huweza kuingia akiwa na virusi vya ini ambavyo hakuna aliyevitafuta, na dawa ile ile ipo kwenye kabati la kliniki ya mtaa wa pili.

Wapo watakaosema chanjo itamaliza shida hii. Itasaidia, ila si kesho. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na mtu huyo leo ni kijana wa miaka ishirini na kitu au mzee wa themanini. Saratani ya ini katika nchi zetu hupiga hata watu wa miaka thelathini na arobaini, wakati Ulaya husubiri uzee. Kizazi kizima kilichokulia ziwani bila chanjo, chenye mayai ya kichocho yaliyonasa tangu shule ya msingi, bado kiko mbele ya kliniki za saratani za Mwanza kwa miaka thelathini ijayo. Tafiti za Michigan, Taiwan na Kanada hazikukipima kizazi hicho. Bugando inakipima kila wiki, na mafaili ya wagonjwa hao, yakiandikwa hali ya ini kabla ya mionzi na miezi minne baada yake, yatakuwa na majibu ambayo hakuna hospitali ya ng'ambo inayoweza kuyatoa.